Machimboni Hakuna Anayekufa kwa Kifua

Haya nayaandika kwa ajili ya mtu aliyeambiwa ana kifua kikuu, ameshachomwa sindano za kutosha, na sasa anajisikia nafuu. Anayetema damu hahitaji maneno yangu. Hofu yake inatosha kumlaza kitandani. Ninayemtafuta ni wewe unayebeba ndoo tena, unayemaliza ugali wako na kuangalia wa mwenzako, na umeanza kuulizia basi linaondoka saa ngapi.

Shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa wala sikukosa karo. Barabara ya Mwanza ilipita kando ya uwanja wetu, malori ya pamba yakienda na kurudi, na siku moja nikaona ni vizuri nijue yanakoishia, nikapanda moja. Tangu hapo nimekuwa utingo, nimechunga ng'ombe wa watu, nimesukuma marobota kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, na kwa miaka kadhaa nimechimba dhahabu upande wa Geita. Nikikaa mahali mvua mbili, miguu inaniwasha. Kitu kimoja tu sikukiacha, nacho ni kusoma. Nilisoma gazeti lililofungiwa nyama, nilisoma maelezo kwenye gunia la mbolea, nilisoma tangazo la mkutano uliokwisha kupita.

Kikohozi kilinianza machimboni, na sikukijali, kwa sababu kule kila mtu anakohoa. Mawe yakitoka kwenye duara, yaani shimo letu, yanatwangwa kwenye kinu cha chuma mpaka yawe unga, na unga ule unaingia puani, machoni na kwenye uji. Asubuhi moja nilikuwa napiga mswaki nikatema damu. Nikadhani ni fizi. Kesho yake ikaja nyingi, ikajaa kiganjani, na wenzangu wakaiona.

Walifunga nguo zangu kwenye kipande cha turubai, wakanisindikiza hadi barabarani, wakanisimamishia lori. Ndiyo desturi ya machimboni: pale duarani halali mgonjwa. Mtu akiishiwa nguvu hurudishwa kwao. Si ukatili. Kule hakuna mama wala dada wa kumkorogea uji, na hakuna anayetaka mwenzake afie mikononi mwa watu wasiojua hata jina la baba yake. Nami nilikuwa nimewasindikiza wengine vivyo hivyo, nikawapungia mkono, nikarudi kazini.

Wazazi wangu walikuwa wameshafariki. Kwetu kulikuwa kwa dada yangu Kabula, mjini Shinyanga, ambaye kila mtu humwita Mama Kulwa kwa ajili ya mapacha wake. Mumewe ni fundi baiskeli. Yeye mwenyewe aliuza karanga za kukaanga pale nje ya mlango wake. Aliponiona nikishuka kwenye lori alishika mdomo.

"Mayu wane, mama yangu! Maduhu, nyama zako umeziacha wapi?"

"Geita."

"Na akili?"

"Na zenyewe."

Hakuniuliza nimeleta nini wala nitakaa mpaka lini. Alinipa maji ya kuoga, na kulipokucha akanipeleka hospitali.

Watu hawakuambii kwamba ugonjwa huu ni wa kukaa kwenye mabenchi. Unakaa kungoja kadi, unakaa kungoja picha ya kifua, unakaa na kopo lako la makohozi mkononi umelifunika kama mtu aliyebeba mboga. Siku ile ya kwanza alikuja mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, umri wake na wangu ungeweza kuwa mmoja, akanisogelea na kuinama kidogo.

"Shikamoo, baba."

Niligeuka nyuma kuona anamsalimia nani. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

"Mwitikie mtoto wa watu," ilisema sauti kutoka mwisho wa benchi. "Mzee mzima, unanyima watu marahaba?"

Nikaitikia. Sikuwa nimefika miaka thelathini na tano. Aliyesema ni mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma, na alipojua mimi ni Msukuma alipiga makofi. Yeye alikuwa Mzaramo, Mzee Kondo, mpishi wa zamani kwenye nyumba ya wageni ya reli, aliyestaafu na kubaki huku bara. Msukuma na Mzaramo ni watani. Anayejua maana yake anajua nilikuwa nimepatikana. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kuchukua kitu chako na usimdai, na siku ya msiba wako atakuja kukuigiza ulivyokuwa ukitembea, watu wacheke huku wanalia. Kukasirika ni mwiko.

Tulilazwa siku moja, vitanda vinatazamana. Ulikuwa wakati wa kuvuna pamba. Wodi yetu ilikuwa mbali na nyingine, madirisha wazi mchana na usiku, na kila asubuhi Nesi Fausta alipita na sinia lake la sindano. Alichoma tako la kulia leo, la kushoto kesho, mpaka yote mawili yakawa magumu kama michembe, vile viazi vilivyokaushwa. Baada ya muda masikio yangu yakaanza kuimba, wimbo mwembamba usiokatika, na nikitoka nje nilitembea kama mtu anayevuka mto kwenye gogo. Nesi akasema dawa ndiyo inafanya hivyo, nikamwambie daktari. Nilimwambia, wakapunguza. Sikio la kushoto halijarudi sawasawa mpaka leo. Nawe ukisikia wimbo huo, sema mapema, usijifanye jasiri.

Dada alikuja kila alipoweza na kuniletea karanga kwenye vikaratasi alivyovikunja mwenyewe. Siku moja nilizila, kisha nikakunjua karatasi nisome. Ilikuwa inaeleza kwa nini mzee hasikii kiu. Ilisema mwili ukizeeka unakauka huku ulimi ukisema hakuna shida, kwa hiyo mzee asingoje kiu, anywe maji kwa saa, atake asitake. Halafu ikaendelea, "Vivyo hivyo na usingizi, kwani mzee huamka", na hapo ikakatwa.

Alipokuja tena nikamwuliza, "Dada, iliyobaki iko wapi?"

"Karanga? Zimebaki nyumbani."

"Siulizi karanga. Karatasi."

"Hivi wewe wamekupiga picha ya kifua, ya kichwa je?"

Ikabainika kwamba alikuwa amechukua mzigo wa vitabu kwa Mzee Hasanali mwenye duka. Mzee Hasanali alikuwa anasafisha stoo ya marehemu kaka yake, na karatasi za kufungia siku hizo zilikuwa adimu kama sukari. Vitabu vingi vilikuwa vya Kihindi na Kiingereza. Vya Kiswahili vilikuwa vitatu, majalada yameng'oka, hata sikujua nani ameviandika. Kimoja kilihusu uzee, namna unavyoingia mwilini na namna ya kumtunza aliyeingiwa. Kimoja kilihusu takwimu, jinsi ya kuhesabu watu, ng'ombe na mazao bila kujidanganya. Cha tatu kilikuwa cha biashara ndogondogo.

Nilimwomba asivichane. Akasema basi karanga azifungie kwenye kanga yake. Tukapatana: yeye atachana kuanzia nyuma, mimi nisome kuanzia mbele, na nikichelewa shauri yangu. Sijawahi kusoma kwa bidii namna ile. Vitabu vile vilikuwa vinaliwa mkia nami niko shingoni.

Cha uzee kilinisikitisha mwanzoni. Kila kilichoandikwa nilikikuta kwangu: pumzi fupi, magoti yanayolia, ladha ya chakula kupotea, kuamka kabla ya jogoo na kukosa la kufanya. Nilikuwa mzee tayari, ila bila wajukuu. Lakini mwandishi wake alikuwa mtu mtulivu. Hakusema uzee ni hekima wala ni laana. Alisema ni hali, na kila hali ina kazi zake. Nilimsomea Mzee Kondo, ambaye alikuwa mzee wa kweli.

"Huyo aliyeandika ana miaka mingapi?"

"Haikuandikwa."

"Basi ni kijana. Mzee hawezi kuandika kitabu chote bila kulalamika juu ya mkewe."

Cha takwimu ndicho wodi nzima ilichokipenda, maana kilikuwa na mafumbo. Nilisoma kwa sauti kwamba kijiji kinaweza kuwa na ng'ombe kumi kwa kila kaya kwa wastani, na bado nusu ya kaya zisiwe na hata ndama.

"Na hao wa wastani," akauliza Mzee Kondo, "wanakamuliwa wapi?"

Sehemu moja niliisoma mara nyingi. Ilisema: kabla hujaamini hesabu, uliza ni nani hakuwepo wakati wa kuhesabu. Ukitaka kujua kama mto una mamba, usiwaulize waliovuka tu. Niliipenda kwa vile ilikuwa na akili, kama mtu anavyopenda kitendawili. Haikunijia kwamba inanihusu.

Niliruhusiwa kutoka wodini kabla ya mvua, vumbi likiwa limetanda mji mzima. Sindano ziliendelea, mara chache kwa wiki, pale kliniki, pamoja na vidonge vya kila siku mpaka pamba ya mwaka ujao. Nesi Fausta alinitazama machoni aliponipa kadi.

"Wewe ni mtu wa kwenda-kwenda, nimekusikia ukisimulia. Usiniletee habari za safari."

"Sawa, Sista."

"Si sawa ya mdomo. Ukiacha katikati, ugonjwa unarudi umeshaijua dawa. Nitakuwa sina cha kukupa."

Nyumbani kwa dada nilipewa chumba kidogo kilichokuwa cha spea za baiskeli. Shemeji yangu, Baba Kulwa, hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na watoto wawili wadogo na aliogopa. Sahani yangu iliwekwa kando, mapacha waliambiwa wasinikaribie, nami niliwapungia dirishani. Haya niliyaelewa. Kilichoniuma ni biashara ya dada. Watu walikuwa wamesikia kikohozi kikitoka nyuma ya sufuria ya karanga. Walipita wakamsalimia vizuri, "Habari za asubuhi, Mama Kulwa", wakaenda kununua kwa mwingine. Kufikia jioni karanga zilikuwa zimejaa vilevile.

Nikiwa ndani nilimsikia shemeji akizungumza na dada.

"Kabula, simfukuzi ndugu yako. Nasema aende Kishapu, kwenye mji wa baba yenu, akapumzike. Kuna hewa."

"Na sindano ataichomwa na hewa?"

"Kwani tutakula nini hapa?"

Dada akatoka uani na sufuria yake.

Nilichukua kile kitabu cha biashara, kilichokuwa kimebaki nusu, nikamsomea dada kupitia mlangoni, yeye akiwa uani anakaanga. Kilisema mteja akikuhama usimfuate kwa maneno, na usipunguze bei kwa hasira. Tafuta njia anayopita mtu asiyekujua.

"Huyo ameshawahi kuuza karanga?" aliuliza.

"Sijui. Lakini stendi ya mabasi wanapita wasiokujua."

"Stendi kuna vumbi."

"Na hapa kuna mimi."

Alikoroga sufuria kwa muda mrefu. Wiki iliyofuata alihamia stendi. Alikaanga kwa jirani, nami sikugusa kitu chochote, hilo tulilishika sana. Wasafiri wa Mwanza, Tabora na Kahama walinunua, wakasoma juu ya uzee njiani. Shemeji alipunguza maneno. Kitabu kile sikukisifu mbele yake, kwa kuwa alishaanza kusema wazo lilikuwa lake.

Mvua zikaja. Nilianza kunenepa. Kikohozi kilikwisha kabisa, damu nilikuwa nimeisahau, na nilipanda baiskeli ya shemeji kuzunguka mji bila kuhema. Hapo ndipo alipotokea Mashaka.

Mashaka tulichimba naye duara moja. Alikuja kununua nyundo na tindo, akanikuta pale kwenye karanga za dada, akanibeba juu kama mtoto.

"Maduhu! Mbona uko hivi, umekuwa bwana shamba? Kuna mahali papya upande wa Runzewe. Mwamba mwekundu, unaugonga unacheka. Twende!"

"Niko kwenye dawa."

"Dawa ya nini? Kifua? Acha utani. Sisi wote tunakohoa. Umewahi kuona mtu amekufa kwa kifua machimboni?"

Nikafikiri. Nilikumbuka waliofukiwa na kifusi. Nilikumbuka aliyepigwa kisu kwa ajili ya mwanamke. Wa kifua sikumkumbuka hata mmoja, na nilikaa kule miaka.

"Hakuna," nikasema.

"Si ndiyo hapo? Hospitali ndiko watu wanakofia kifua. Kule hakuna."

Wewe unayesoma unaweza kucheka. Mimi sikucheka. Ulikuwa ushahidi wa macho yangu mwenyewe. Zaidi ya hayo nilikuwa nimekaa mahali pamoja kuliko wakati wowote tangu nipande lile lori la pamba, na miguu ilikuwa inaniwasha hata usingizini. Nikamwambia dada nitabeba vidonge na kuvimeza hukohuko. Sote wawili tulijua ni uongo wa heshima.

Asubuhi ya safari nilifika stendi na turubai langu. Dada alikuwa ameshapanga karanga. Hakusimama.

"Sikushiki," alisema. "Ulipopanda lori la pamba hukuniaga. Leo angalau nakuona mgongo."

"Nitarudi, Kabula."

"Hata siku ile ulikuwa urudi jioni."

Mzee Kondo naye alikuwepo. Alikuwa na tabia ya kukaa pale na dada baada ya sindano yake, akionja karanga kana kwamba ni mkaguzi, na alishasikia maneno ya Mashaka na habari zangu zote za machimboni. Alinitazama, akatazama mzigo, akaelewa. Alinipokonya turubai, akalifungua palepale chini, akatoa blanketi langu, akalala chali katikati ya stendi na kujifunika mpaka kichwani.

Watu wakasogea. Kutoka ndani ya blanketi kikaanza kikohozi. Kilikuwa changu. Kile cha wodini, kinachoanza taratibu, kinapanda, kinakwama, halafu kinaishia na mlio kama wa mlango wa bati. Nilikuwa sijawahi kukisikia kutoka nje. Mara kikanyamaza, miguu ikanyooka. Kisha Mzee Kondo akafunua blanketi, akaketi na kuanza kulia kwa sauti ya kike.

"Uuwii, mtani wangu! Mtani wangu mla ugali! Nani sasa atanisomea habari za ng'ombe wa wastani?"

Abiria walicheka mpaka kondakta akashuka kutazama.

"Mzee, inuka," nikasema. "Inatosha."

"Maiti haiongei! Jamani, mtani wake niko hapa, nipeni haki yangu nimzike!"

"Nakwenda kutafuta riziki, sijafa."

"Ee, kweli, nimesahau." Alijipangusa vumbi, akanikunjia blanketi vizuri, akanirudishia. "Wachimbaji hawafi. Wanarudi kwao tu."

Sikukasirika, siruhusiwi. Utingo akatupia mzigo wangu juu ya keria, nami nikapanda nikakaa karibu na Mashaka. Alikuwa anamenya muwa kwa meno. Basi likawashwa. Maneno ya mwisho ya mtani hayakutaka kunitoka.

"Mashaka," nikasema, "Lutema siku hizi yuko duara gani?"

"Lutema? Alirudi kwao."

"Lini?"

"Kiangazi kilichopita. Alikuwa anakohoa kidogo."

"Na yule Muha aliyekuwa anatuimbia?"

"Naye alirudi kwao. Alikwisha sana yule."

"Na Shija?"

"Shija wa Kishapu? Muda tu. Tulimsimamishia lori."

"Ana hali gani?"

"Nitajuaje? Si yuko kwao?" Akatema makapi dirishani.

"Na mimi je? Mlikuwa mnasema nini juu yangu?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Tulisema umerudi kwenu."

Basi lilikuwa limeanza kurudi nyuma kutoka kwenye maegesho. Niliona kwa mara ya kwanza kitu nilichokuwa nimekiishi miaka yote: sisi tuliwatoa wagonjwa wetu mapema, tena kwa mapenzi, kabla hawajapata nafasi ya kufa mbele yetu. Kila mmoja alikwenda kufia kijijini kwao, mbali na mwenzake, na pale duarani tukabaki sisi wazima, tukihesabiana na kujisifu. Hakuna aliyedanganya. Tulikuwa tumewauliza waliovuka.

"Shusha!" nikapiga ubavu wa basi.

"Umesahau nini?" Mashaka akauliza.

Nilimshika mkono, nikamwambia akianza kutema damu asirudi kwao, aje hospitali Shinyanga aniulizie. Alicheka, akaniambia nimekuwa mwoga kama mwalimu. Nikaruka chini basi likiwa mwendoni. Mzigo wangu ulikuwa juu ya keria, na ulikwenda Runzewe bila mimi.

Nilibaki nimesimama na nguo nilizovaa. Dada alinitazama, kisha akaendelea kukunja vikaratasi, lakini karanga zikamwagika. Mzee Kondo ndiye aliyesema.

"Mambo ya Wasukuma! Maiti amebaki, sanda imesafiri."

Nafuu niliyokuwa nayo siku ile ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa habari kamili. Mzee asingoje kiu. Nilijifunza kumeza vidonge bila kuuliza mwili unasemaje. Vilinitia kichefuchefu na ngozi iliniwasha mpaka nikalala na mikono nje. Nimepalilia mpunga wa watu mvua zikiwa kubwa, kazi fupifupi, nikichoka nakaa. Nimekaa kwenye lile benchi la kliniki mpaka nikawa najua nani atalalamika na nani atasinzia. Shemeji alinikabidhi kuziba pancha. Mwezi wa mavuno aliwaruhusu mapacha waje kunitazama nikifanya kazi, wakiwa wamesimama mlangoni kwanza, halafu ndani, halafu mmoja akanipandia mgongoni na hakuna aliyemkemea.

Mzee Kondo alimaliza kabla yangu, akapanda treni kwenda kwa binti yake pwani. Nilimsindikiza stesheni nikamwibia kofia yake, kama inavyonipasa, ninayo hadi leo. Watu wakiniuliza yuko wapi sisemi kwamba amerudi kwao, yuko salama. Nasema sijui.

Pamba ilipoanza kununuliwa Nesi Fausta alinyanyua picha yangu ya mwisho dirishani. Kuna kovu upande wa juu, jeupe kama uzi. Makohozi yalikuwa safi. Aliniambia nisishuke tena shimoni, pumzi haitatosha, ila kwingine kote naweza kwenda ninakotaka. Nilidhani siku hiyo nitakimbia. Nilikwenda stendi nikala karanga na dada mpaka zikaisha.

Baada ya wiki moja nikaondoka kweli, kwenda Kishapu. Niliuliza mnadani nyumba ya kina Shija, wakanielekeza. Nilikuwa nimejitayarisha kuonyeshwa kaburi. Mama yake alikuwa anaanua mtama.

"Wangaluka, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma. " Nimechimba na Shija."

Alinipima kwa macho, akaonyesha nyuma ya nyumba. Shija alikuwa amelala juani kwenye ngozi ya ng'ombe, kifua kimechanjwa chale mpya juu ya chale za zamani. Shingo ilikuwa nyembamba, lakini macho yalikuwa yaleyale. Alinitambua mara moja.

"Maduhu. Wewe nilisikia umerudi kwenu."

"Nilirudi."

"Mbona mnene?"

Nikakaa chini, nikawaeleza yote, yeye na mama yake: kopo, picha, sindano, masikio, pamba hadi pamba. Sikuficha urefu wake. Shija alifumba macho, nikadhani amesinzia.

"Hiyo sindano," mama akauliza, "inauma?"

"Inauma. Na kesho yake wanachoma palepale panapouma."

Mama akaingia ndani, akatoka na shati la mwanawe lililofuliwa, akamvalisha, mkono mmoja, halafu wa pili. Akafunga mlango kwa kamba, akamwita jirani amfungie ndama jioni, akajitwika mzigo, akatangulia njia ya Shinyanga.